Kumlinda bibi wakati wa janga ni kazi ya nani hasa?

Julai 2021, kipindi cha korona, nilishuka stendi ya Kange pale Tanga jioni natokea Dar, nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka Ngamiani kwa bibi mzaa mama. Koo lilikuwa linanikereketa tangu jana yake, nikameza vidonge viwili vya maumivu nikasema hili vumbi tu, na ile eisii ya ofisini. Bibi nikamkuta barazani anachambua mbaazi za kesho asubuhi, sukari anayo miaka mingi, presha anayo, umri sabini na nane. Akaninyooshea mkono kama desturi yetu sie watu wa pwani, nikaupokea nikaubusu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akanivuta akanikumbatia, tukaingia ndani maana manyunyu yalishaanza, madirisha yakafungwa, tukakaa tunapiga stori mpaka saa tano usiku. Siku ya pili yake chumba kizima kimefukizwa udi na mi sisikii harufu yoyote. Siku ya tano bibi akaanza kukohoa. Wiki iliyofuata alikuwa wodini amewekewa oksijeni.

Alipona alhamdulillah, baada ya siku tisa, ingawa pumzi zake mpaka leo sio zile. Na mpaka leo sijui kama ni mimi niliyempelekea, maana wiki ileile mjomba naye alitoka matangani Pangani akapitia pale nyumbani, na hakuna kati yetu aliyepimwa mapema. Ila swali halijaniacha, na nimeona watu wengi sana wanalo hili swali kifuani na hawajui walishike wapi, kwa hiyo leo nataka tulifungue taratibu, kwa sababu magonjwa hayajaisha na mengine yatakuja.

Kilichotuchanganya wengi ni maneno yenyewe. Kipindi kile kila kona tuliambiwa kila mtu achukue tahadhari, kila mtu ajilinde. Maneno mazuri, lakini masikioni mwetu yakageuka yakawa kila mtu na lake. Yaani kama bibi ana sukari basi ni juu yake bibi kukaa ndani, kuvaa barakoa, kunawa, kutokwenda harusini, na mimi kijana mwenye afya zangu jukumu langu linaishia kwenye mwili wangu, nikiona siogopi korona basi nimemaliza. Hapo ndipo mambo yalipogeuzwa juu chini, na nitaeleza kwa nini.

Angalia huu ugonjwa ulivyokuwa unatembea. Mtu akiambukizwa korona dalili zilichukua wastani wa siku tano hivi kutokea, wengine mbili wengine mpaka kumi na nne, lakini kuambukiza wenzake alianza kama siku mbili kabla hajasikia chochote, na wapo waliomaliza mzunguko wao wote bila hata kukohoa. Sasa fikiria bibi yuko barazani kwake, anamwona mjukuu anashuka kwenye bajaji anacheka na begi lake, atajilinda vipi na kitu ambacho hata mwenye nacho hakijui vizuri? Aliyejua koo linakereketa ni mimi. Aliyejua kwamba kule ofisini watu watatu hawakuja kazini wiki ile ni mimi. Aliyejua alikaa masaa sita kwenye basi lililojaa ni mimi. Bibi hana hata habari moja kati ya hizo, na bila habari hawezi kuamua lolote, huwezi kumtupia jukumu mtu ambaye umemfunga macho.

Afu kuna suala la nani anaumia. Makadirio yaliyofanywa nchi tajiri kabla ya chanjo yalionyesha hivi: katika watu elfu kumi wa miaka 25 walioambukizwa, anakufa kama mmoja. Wa miaka 55 wanakufa kama 40. Wa miaka 75 kama 460. Wa miaka 85 wanafika kama 1,500. Virusi ni vilevile, tofauti ni mwili unaovipokea, na ukiongeza sukari isiyotulia, presha, figo, mapafu mabovu, saratani, au VVU kwa mtu asiyetumia dawa vizuri, hali inazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo mi niliposema bahati nasibu hii naweza kuicheza, sikuwa naicheza kwa pesa yangu. Niliweka ya bibi mezani bila kumuuliza.

Kuna watu watakwambia basi suluhisho ni jepesi, wazee na wagonjwa wafichwe, wazima tuendelee na maisha. Hili halikuwa wazo la vijiweni tu, Oktoba 2020 huko Marekani kuna wanasayansi watatu walitoa tamko linaloitwa Great Barrington wakipendekeza kitu cha namna hiyohiyo, wasio na hatari kubwa waishi kawaida na ulinzi uelekezwe kwa walio hatarini, na wanasayansi wengine wakawajibu mwezi uleule kwamba haiwezekani kuwatenga watu wa jamii moja hivyo. Mi sina elimu yao ila nina nyumba ya Ngamiani. Nyumba ya bibi ina vyumba sita na familia nne, choo kimoja cha uani, ndoo moja ya kisimani, mjukuu wa darasa la tatu analala kitandani na bibi yake kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Asubuhi yule mtoto yuko shule na wenzake kibao, jioni yuko kwapani kwa bibi. Unamficha wapi bibi? Utamtenga na nani wakati anayemkandia mguu usiku ni yuleyule aliyetoka sokoni Mgandini?

Na hesabu yake iko hivi. Mtu mmoja anaambukiza wawili, kila mmoja wao wawili, na kila mzunguko unachukua kama siku tano sita. Mzunguko wa kumi unakuta watu zaidi ya elfu moja, na hapo hata miezi miwili haijaisha. Katika elfu hao lazima yumo mtu wa sukari, yumo mama mjamzito, yumo mzee. Kwa hiyo hata wewe usiye na bibi nyumbani, wewe unayesema mi naishi gesti peke yangu, mnyororo uliokatika kwako haufiki kwa bibi ya mtu usiyemjua. Hilo halionekani kwa macho, hakuna atakayekuja kukushukuru, ndo maana ni gumu.

Kwa wenzangu Waislamu hili jambo lina mizizi kabisa, wala halikuletwa na wazungu. Kuna mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Soma vizuri nani ameambiwa. Hakuambiwa mwenye ngamia wazima awafiche, ameambiwa mwenye wagonjwa asiwapeleke. Na lile la tauni wengi tunalijua, ukisikia iko mahali usiingie na ikikukuta mahali usitoke. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipoelekea Sham (upande wa Syria) akasikia kuna tauni akageuza msafara, akaulizwa je unakimbia kadari ya Mungu, jibu lake ni kwamba anakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kwa hiyo yule anayesema ajali haikingiki halafu anaingia chumbani kwa mgonjwa wa figo na kikohozi chake, naomba alitafakari hilo.

Sasa tuje kwenye matanga maana hapa ndipo kwetu mambo yanapokuwa mazito kweli. Msiba ukitokea wanaume wanakaa nje chini ya turubai, upepo unapita, wanakunywa kahawa. Wanawake wanajaa ndani. Sebuleni, chumbani, kwenye korido, magoti yanagusana, wanalia, wanasoma, wanashikana shingo. Na katikati yao yuko mjane. Mjane wa Kiislamu akishaingia eda anakaa miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, na heshima inataka wewe ndo umfuate alipo, kwa hiyo kila mgeni wa Muheza, wa Korogwe, wa Mombasa anaingia kwenye kile chumba kimoja, anamshika mkono, anamwinamia sikioni anampa pole. Mara nyingi mjane mwenyewe ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, hajalala siku tatu, hajala, na pengine mume amekufa na ugonjwa huohuo. Sijawahi kuona mtu aliye wazi kwa maambukizi kama mjane wa siku ya tatu. Na yeye hana uwezo wa kumwambia mtu usinisogelee, atasemwa mpaka kaburini. Kwa hiyo ni sisi tunaoingia ndo wa kupanga, mmoja asimame mlangoni aingize watatu watatu, dirisha liwe wazi, mjane akalishwe karibu na upepo, mkono wa pole utolewe kwa kuweka kiganja kifuani, na mwenye mafua apige simu na atume ubani wake kwa M-Pesa. Hii inahitaji shangazi mmoja tu mwenye sauti, na kila ukoo unaye.

Kuhusu upepo nieleze kidogo maana watu walishika sana sanitaiza wakasahau hewa. Kunawa mikono ni kuzuri na kunazuia magonjwa mengi, kipindupindu kikiwa cha kwanza, lakini korona ilipita zaidi kwenye pumzi. Chukua mfano wa udi. Ukifukiza chumbani ukafunga dirisha, hata ukitoa chetezo moshi unabaki, anayeingia baada ya nusu saa anaukuta. Ukifukiza barazani upepo wa bahari unaubeba, wa pili yako anasikia kwa mbali tu. Pumzi ya mgonjwa ndo iko hivyohivyo, na akiongea kwa sauti au akiimba anazidisha moshi. Kwa hiyo baraza zetu tulizoachiwa na wazee ni dawa kubwa kuliko tunavyodhani, kumkalisha mgeni barazani badala ya sebuleni hakugharimu hata shilingi.

Ukiuelewa huo moshi utaelewa na nyungu. Sina ugomvi na mtu aliyejifukiza peke yake akajisikia nafuu ya pua, ila hakuna uthibitisho kwamba ule mvuke unaua virusi mwilini, na nilichokiona mtaani ni bibi na wajukuu watatu ndani ya blanketi moja, vichwa vimeinamia sufuria moja la maji ya moto, wanapumuliana dakika kumi. Ukitaka kumwambukiza mtu makusudi ungefanya hivyo hivyo. Achilia mbali walioungua.

Barakoa nayo ilieleweka kinyume. Watu waliivaa wakienda kwa wagonjwa ili wao wasipate, wakifika wakaivua ili waongee vizuri. Barakoa ya kawaida kazi yake kubwa ni kuzuia kinachotoka kwako, kwa hiyo anayepaswa kuivaa kwanza ni yule mwenye mafua, na ukiivaa kidevuni ni pambo tu.

Chanjo pia inataka ukweli wote sio nusu. Chanjo za kwanza kupitia Covax, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, zilifika nchini Julai 24, 2021, na Rais Samia akazindua kwa kuchanjwa mwenyewe Julai 28, wakaanza na wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu. Sasa chanjo hizi zilikuwa hodari sana kuzuia mtu asizidiwe na asife, ila kuzuia usiambukizwe kabisa au usimwambukize mwenzio zilisaidia kwa kiasi, na kile kiasi kilipungua kadiri miezi ilivyopita. Maana yake ni nini? Kumpeleka bibi achanjwe ni katika mambo makubwa unayoweza kumfanyia, kaa naye foleni, mbebee kiti. Lakini wewe kuchanjwa hakukupi ruhusa ya kwenda kumkumbatia na homa yako.

Na dawa, tafadhali. Mwaka ule watu walikuwa wanawanunulia wazee deksamethasoni duka la dawa kwa sababu wamesikia inatibu korona. Ni kweli utafiti wa Uingereza wa Juni 2020 ulionyesha inaokoa waliofikia kuhitaji oksijeni, ila wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia, na hiyo dawa inapandisha sukari. Unampa mtu wa sukari dawa ya kupandisha sukari nyumbani bila daktari. Mapenzi ya namna hiyo ni hatari.

Najua hapa kuna mtu ananisoma anasema haya ni maneno ya mwenye mshahara. Ni kweli na sitaki kulipita. Mama ntilie asipopika leo watoto hawali leo, bodaboda hawezi kumpakia abiria akamkalisha umbali wa mita moja. Mi naona jukumu linafuata uwezo. Mwenye uwezo wa kukaa nyumbani bila kulala njaa anadaiwa zaidi. Na anayemwajiri mtu anadaiwa mara mbili, kwa sababu mkato wake wa mshahara ndo unaomfanya mgonjwa aje kazini. Dada wa kazi akiamka na homa ukamwambia panda gari urudi kwenu Lushoto, hujamlinda mtu, umeusafirisha ugonjwa mpaka kwa bibi yake yeye. Mpe chumba, mpe chakula, mlipe siku zake. Na serikali nayo ina fungu lake ambalo mimi na wewe hatuwezi kulibeba, oksijeni, vipimo, taarifa. Mwaka 2020 takwimu zilipofika wagonjwa 509 na vifo 21 zikasimama mpaka mwaka uliofuata, na mtu asiye na taarifa anaamua gizani. Fungu lao likipungua lako halifutiki, ila linakuwa zito isivyo haki, hilo lisemwe.

Lakini hata asiye na kitu ana la kufanya. Mtoto wa shangazi yangu mwaka 2020 alikuwa utingo wa lori, wanapita Horohoro kwenda Mombasa na kurudi, kazi ya hatari wakati ule. Mama yake, pale Makorora, figo zinamsumbua. Yule kijana kila akirudi safari anapita mlango wa uani, anaoga, nguo anaziloweka, halafu anatandika mkeka barazani anafunga chandarua kwenye misumari miwili na komeo la dirisha, analala hapo. Chakula anawekewa kwenye stuli, mama akishaingia ndani ndo anasogea. Shikamoo anaitoa chini ya ngazi, mkono kifuani, mwili ameuinamisha. Majirani wakamsema sana, wakasema amejifanya mzungu, wengine wakasema ana siri na mama yake. Mbu wamemla, mvua za masika zimemlowesha. Shangazi hakuugua. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya chandarua kile, labda asingeugua tu, ila mimi nilikuwa na mshahara na chumba Dar na sikufanya hata robo yake.

Nimesema mwanzoni kwamba sijui kama ni mimi niliyemwambukiza bibi. Muda mrefu nilidhani hilo ndo swali, kumbe silo. Virusi kupita kwangu bila mimi kujua hilo sio kosa, ni sababu, na sababu na kosa ni vitu viwili, wapo watu wanajitesa miaka kwa kuwaambukiza wazazi wao wakati hawakuwa na dalili yoyote na walifuata kila walichoambiwa, hao hawana deni. Kosa langu mimi ni dogo na liko wazi: koo lilikuwa linakereketa na sikusema. Ningesema bibi leo koo langu silielewi, yeye ndo angeamua. Pengine angesema kaa barazani. Pengine angesema njoo tu mwanangu, umri huu naogopa nini, mi nakutaka wewe. Na hiyo ni haki yake pia, mzee sio mtoto wa kufungiwa, wapo wanaoona upweke mzito kuliko ugonjwa. Lakini angekuwa ameamua yeye.

Na kila janga lina watu wake, usikariri wazee tu. Mafua ya 1918 yaliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani yalichukua sana vijana wa miaka 20 mpaka 40. Mpox, ile homa ya nyani, iliyotangazwa dharura ya kiafya ya dunia Agosti 2024, kule Kongo watoto wadogo ndo waliolemewa. Kwa hiyo ugonjwa mpya ukitangazwa, kabla ya kuuliza mi nitapona, uliza huu unamuonea nani, halafu angalia nani katika hao unakula naye sahani moja. Namba ya Wizara ya Afya 199 ni bure, uliza hapo kuliko kwenye magrupu ya WhatsApp.

Siku hizi nikienda Tanga napiga simu nikifika Segera. Bibi hasalimii, anauliza kwanza, u mzima? Mwezi uliopita nilimwambia nina mafua bibi. Nikafika nikakuta viti viwili barazani, kimoja mwisho huku kimoja mwisho kule, mbaazi za nazi na mandazi kwenye sahani yangu pembeni zimefunikwa kawa. Akaweka mkono wake kifuani, nami nikaweka wangu, akaanza kunieleza habari za mtaa kwa sauti ya juu ili nimsikie.